Wako Wapi Waliokokota Waya?

Manowari iitwayo Caine, katika filamu The Caine Mutiny aliyoiongoza Edward Dmytryk mwaka 1954, ni meli ya kutegua mabomu ya baharini. Hivyo ndivyo tunavyoambiwa. Kwa muda wa takriban saa mbili twaitazama ikienda na kurudi katika Bahari ya Pasifiki. Twamwona kapteni wake akimkemea baharia kwa shati lisilochomekwa, akigeuza meli nzima juu chini kwa sababu ya stroberi zilizoliwa bila idhini yake. Twaona tufani, twaona maasi, twaona mahakama ya kijeshi. Kazi yenyewe ya kutegua imesukumwa pembeni. Na kati ya kamba na waya zote zilizomo melini, ile inayobaki akilini mwa mtazamaji ni moja tu: kapteni ameshughulika na shati la baharia, meli inazunguka duara kamili, kisha inapita juu ya kamba yake yenyewe iliyokuwa ikikokota shabaha na kuikata. Meli iliyopewa kazi ya kukata minyororo ya mabomu ya adui inakata kamba yake. Watazamaji hucheka. Mimi naona kwamba hapo filamu ilisema ukweli kuhusu sinema ya vita vya baharini zaidi ya ilivyokusudia.

Kapteni yule ni Humphrey Bogart. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1951, Bogart huyo huyo alikuwa nahodha mlevi wa mashua ya mvuke katika The African Queen ya John Huston, filamu iliyopigwa Uganda na Kongo, ikadai kusimulia vita vya mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na ikampatia tuzo ya Oscar. Humo Bogart anatengeneza makombora kwa mitungi ya gesi, anayachomeka katika omo ya mashua, mashua inazama katika dhoruba, na meli ya Wajerumani Louisa inaligonga gofu lake linaloelea na kulipuka. Kwa maneno mengine, mashua imegeuka kuwa bomu la baharini. Basi mtu mmoja amewahi kututegea bomu katika maji ya Afrika na kutuongozea meli ya kutegua mabomu huko Pasifiki, na katika filamu zote mbili hatukuonyeshwa kazi ya kutegua ni kazi gani.

Nashikilia kwamba si bahati mbaya. Sinema imeikimbia kazi hii kwa sababu imezoea kumtafuta shujaa, na kutegua mabomu ni kazi isiyo na shujaa. Na sisi watu wa pwani na wa bara tumeukubali ukimbizi huo, ingawa historia yetu ilipinda kwa sababu ya kazi hiyo hiyo.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili hapa kimeizidi akili lugha nyingi. Kutega na kutegua ni ndugu kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua: tendo na kinyume chake, vyote katika shina moja. Anayesema “kutegua” amekwisha kukubali kwamba kuna mwenzake aliyetega, aliyekaa akawaza mguu wa nani utapita wapi. Mwindaji wa Usambara anayefumua tanzi la jirani yake porini anafahamu hayo bila ya kufundishwa. Bomu la baharini la wakati ule lilikuwa tufe la chuma lenye pembe, limefungwa kwa mnyororo kwenye uzito uliokaa chini ya bahari, likaelea mahali ambapo jicho halilioni lakini tumbo la meli hulifikia. Kulitegua, vyombo viwili vidogo vilikwenda sambamba, vikikokota waya mrefu baina yao, kama wavuvi wanavyokokota juya. Waya ukinasa mnyororo, mnyororo ukakatika, tufe likaibuka juu, mtu akalipiga risasi kutoka mbali. Halafu vyombo vikageuka, vikaanza mstari mwingine. Siku nzima. Kesho tena.

Ndiyo maana Waingereza, walipoona hatari hii inakuja, hawakuwaendea maofisa wa manowari kubwa. Tangu mwaka 1910 waliandikisha wavuvi wa Grimsby na bandari nyinginezo, watu ambao mikono yao ilikwisha kujua uzito wa wavu unaoburutwa na namna unavyobadilika unaponasa kitu. Ilikuwa kazi ya mvuvi kabla ya kuwa kazi ya askari. Siku ya ushindi wa mtegua bomu ni siku ambayo hakuna kilichotokea, na filamu haijui kuuza tiketi kwa siku hiyo.

Najua jibu nitakalopewa. Wapenzi wa sinema husema: sasa ulitaka nini? Kamera haiwezi kukaa saa mbili juu ya waya. Drama yataka watu wawili wanaogombana, si watu ishirini wanaovuta. Jibu hilo lilikuwa na nguvu kidogo mpaka mwaka 2015, Martin Zandvliet wa Denmark alipotoa Under Sandet. Vijana wa Kijerumani, mateka wa vita, mwaka 1945 wanatambaa juu ya mchanga wa pwani ya Denmark, wakitafuta kwa fimbo na vidole mabomu yaliyofukiwa na jeshi la nchi yao. Filamu haina mengi zaidi ya hayo: mchanga, vidole, pumzi, hesabu ya yaliyobaki. Na mtazamaji hawezi kupepesa jicho. Hayo yalikuwa mabomu ya ufukweni, si ya majini, lakini hoja imekwisha: kazi ya kutegua inaweza kutazamwa, mradi mwongozaji awe radhi kutazama mikono.

Tuje kwetu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia mbele ya bandari ya Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imesimama, matanuri yake yakisafishwa. Iliizamisha. Mabaharia zaidi ya 30 wa Pegasus walikufa, na makaburi yao yako Chapwani hadi leo, yanatembelewa na watalii. Hayo yameandikwa sana. Kinachosahauliwa ni kile Königsberg ilichofanya ilipokuwa ikiondoka: ilitupa mlangoni mwa bandari mapipa yaliyojazwa mchanga, ili waliobaki wadhani ni mabomu. Mchanga! Fikiri, msomaji wa visiwani, ni hila gani hiyo: kutega bila ya mtego, na kumwachia adui kazi yote ya kutegua. Pipa la mchanga halimlipui mtu, lakini mtu anayetumwa kwenda kulitazama hajui hivyo mpaka aliguse. Hofu yake ni ile ile, jasho lake ni lile lile. Kama hiyo si drama, sijui neno hilo lina maana gani.

Wiki sita baadaye ikaja Tanga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nakaa milimani juu ya reli iliyoamua jambo lenyewe. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza Fox, chini ya Kapteni Caulfeild, ilikaribia Tanga, na nyuma yake kulikuwa na msafara uliobeba watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Mji ulikuwa na walinzi wachache sana. Caulfeild alimwita melini bwana mkubwa wa wilaya, Auracher, akamtaka asalimishe mji, na akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu. Jibu alilolipata halikumtoa hofu. Auracher akaomba nafasi ya kwenda kushauriana, akashuka pwani, akapeleka simu kwa Lettow-Vorbeck, akavaa sare yake ya kijeshi.

Huku nyuma, Waingereza wakaanza kufagia maji. Vyombo vidogo vikaenda na kurudi na waya zao, wakati maelfu ya askari wakingoja katika joto la meli zilizojaa pomoni. Bandari ya Tanga ikaepukwa, watu wakashushwa usiku huko Ras Kasone, katika matope na mikoko. Na ni mabomu mangapi yaliyopatikana? Hata moja halikupatikana.

Lakini saa zilizotumika kuyatafuta hazikupotea kwa kila mtu. Reli ya Usambara, yenye urefu wa kilomita 352, ilikuwa imefika Moshi tangu mwaka 1911. Garimoshi zikashuka usiku na mchana, zikapita Same, zikapita Mombo chini kabisa ya milima yetu, zikapita Korogwe, zimebeba askari wa Lettow. Tarehe 4, siku ya pigano kubwa, aliweza kusimamisha watu wapatao 1,000 mbele ya wale 8,000. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wakipanda meli tena, wakiwa wamepata hasara ya watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa, na wameacha ufukweni bunduki kwa mamia, mizinga 16 ya rashasha na risasi zipatazo 600,000. Kwa silaha hizo Lettow alipigana hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Sidai kwamba hofu ya mabomu peke yake ilileta yote haya. Aitken alidharau upelelezi, na majenerali wana vipaji vingi vya kushindwa. Nadai kwamba mabomu yasiyokuwapo yalifanya kazi ya mabomu, na kwamba kila mtu anayesimulia Tanga huruka hapo ili awahi kufika kwenye nyuki. Kila mtoto wa shule anawajua nyuki wa Tanga. Wanachekesha, wanang’ata pande zote mbili, wanafaa kwa hadithi. Waya uliokokotwa siku nzima katika maji matupu hauchekeshi, kwa hiyo umeachwa.

Na nani aliyeukokota? Meli za kifalme za Kituo cha Bahari ya Hindi zilikuwa na desturi, tangu karne ya kumi na tisa, ya kuajiri Unguja vijana ambao Waingereza waliwaita Masidi, kwa kazi za makaa, za kamba na za mashua. Pwani yetu nzima ilikuwa na watu wa namna hiyo: serahangi, watu wa tanuri, warubani waliozijua kasa na miamba kwa majina. Vyombo vidogo vya bandari haviendi bila ya watu hawa. Chukua mfano wa Helmuth, tagi iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani. Ilikuwa zamu mlangoni mwa bandari ya Unguja asubuhi ile ya Pegasus, ikazamishwa kwa mizinga ya Königsberg, ikaopolewa, na tarehe 28 Novemba 1914 ikaingia bandari ya Dar es Salaam katika operesheni iliyoongozwa na Kamanda Ritchie. Ritchie alijeruhiwa mara nane akatunukiwa Msalaba wa Victoria, naye alistahili, sina ugomvi na marehemu. Ugomvi wangu ni na hadithi inayopanda ngazi moja tu ya meli, kutoka sitaha kwenda juu, na haijapata kushuka katika chumba cha makaa.

Hapa Magamba, ambako ukungu huingia darasani kabla ya wanafunzi, niliwahi kuwaonyesha vijana wachache The African Queen. Mwanzoni wanakijiji wapo. Wanaimba katika misheni, nyumba zao zinachomwa moto, wanaswagwa na askari. Kisha mashua inaondoka na wazungu wawili, na tangu hapo Mwafrika anageuka kuwa risasi inayotoka ngome ya Shona, au askari asiye na neno juu ya Louisa. Kulipokuwa kimya, binti mmoja wa Kisambaa akauliza kwa adabu, “Mwalimu, wale waliochukuliwa, filamu itawarudia?” Nikamwambia angoje aone. Alingoja mpaka jina la mwisho la mpiga taa lilipopita.

Swali lile lina mizizi hapa. Ndani ya msitu wa Magamba waongozaji huwaonyesha wageni pango wanalolitaja kuwa la Wajerumani wa vita vile. Lushoto yenyewe, wakati huo Wilhelmstal, ilichukuliwa na Waingereza mwezi Juni 1916, na jeshi moja lilipoondoka na jingine lilipoingia, wote wawili walihitaji mabega. Mtaa wa Kariakoo uliopo Dar es Salaam umerithi jina lake kutoka kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na pengine wafikao 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Sinema haikuwaua watu hao. Lakini ilikuwa na miaka mia moja ya kuwataja, nayo ikamtaja Bogart.

Filamu nyingine, Shout at the Devil ya mwaka 1976, sitaipotezea wino mwingi. Königsberg imebadilishwa jina ikawa Blücher, mto Rufiji umepigwa picha kwingine kabisa, Lee Marvin na Roger Moore wanalewa na kupigana ngumi, na meli inalipuliwa kwa bomu la saa lililofichwa ndani yake. Königsberg ya kweli iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915 na vyombo viwili vyenye matumbo bapa, Severn na Mersey, kwa mizinga iliyoelekezwa na ndege, baada ya miezi ya kungoja katika mikoko. Mizinga yake ikaopolewa majini na kukokotwa nchi nzima. Kukokotwa na nani, msomaji anaweza kujijibia.

Lipo pingamizi jingine, nalo nalisikia kwa watu wetu wenyewe, wasomi wazuri: kwamba vita vile havikuwa vyetu, na kuvipigia filamu ni kuendelea kubeba mizigo ya wakubwa wa zamani. Naliheshimu pingamizi hili kuliko lile la kwanza. Lakini lina kasoro. Vita havikuwa vyetu. Kazi ilikuwa yetu. Mtu aliyeshika kamba alikuwa na mkono wake mwenyewe, si wa mfalme. Kukataa kumsimulia kwa sababu bwana wake alikuwa dhalimu ni kumwachia bwana yule hata simulizi. Na utawala ulipokwisha kupata jeshi lake la majini katika pwani hii, lenye makao yake Mombasa, likavunjwa mwaka 1962, chombo kilichojulikana zaidi katika jeshi hilo kilikuwa Rosalind, meli ya mfano wa zile za wavuvi wa wavu wa kuburuta, yenye jina la binti wa tamthilia ya Shakespeare. Vijana wa pwani walihudumu humo. Walivaa kofia nyeupe, wakapiga gwaride, wakajifunza waya. Baadhi ya wajukuu wao bila shaka wanalisoma jarida hili.

Wala jambo hili si la kale tu. Wasomaji walio na jamaa Maskati na Sur wanakumbuka Ghuba ya mwaka 1987. Tarehe 24 Julai mwaka ule meli kubwa ya mafuta Bridgeton, iliyokuwa ikisindikizwa na manowari za Marekani, ilikanyaga bomu. Kilichofuata hakikuhitaji mwandishi wa vichekesho: manowari zilijipanga nyuma ya meli ya mafuta na kuifuata, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa nene zaidi. Mlinzi alijificha nyuma ya anayelindwa, kwa sababu dola kubwa kuliko zote za baharini ilikuwa imeipuuza kazi ya waya, kama sinema yake ilivyoipuuza.

Nayaandika haya kwa jarida la visiwani kwa makusudi. Unguja ina tamasha la filamu tangu miaka ya 1990, lina Jahazi lake la Dhahabu, lina Ngome Kongwe yenye kuta zilizosikia mizinga ya Königsberg. Kila mwaka vijana huleta filamu juu ya mapenzi, majini na siasa, na nyingine ni nzuri. Gharama haiwezi kuwa kisingizio. Filamu ninayoitaka haihitaji manowari. Inahitaji tagi moja kuukuu, waya, watu kumi na wawili na bahari, na bahari hatujaanza kuikodi. Haihitaji nyota kutoka nje. Ikimtaka ofisa wa Kiingereza, na awepo, aseme maneno yake machache, halafu kamera ishuke ngazi.

Mwenye muswada na aanzie alfajiri ile ya Septemba 20, mlangoni mwa bandari, mapipa yakishushwa majini moja baada ya jingine. Moshi umetanda, Pegasus inalala ubavu. Ofisa anatazama kwa darubini, anaona vitu vyeusi vikielea, anageuka kutafuta mtu wa kumtuma. Kamera isimtazame ofisa. Imtazame yule anayeweka chini sepetu ya makaa, anajifuta mikono, na kuingia katika mashua.